Sindano ya Kupunguza Uzito na Sahani ya Ugali: Mwongozo kwa Mkazi wa Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeishi Dodoma au mikoa ya jirani, mwenye uzito uliomzidi, ambaye amesikia habari za sindano za kupunguza uzito na anafikiria kuzitumia, au ameshaandikiwa na daktari na sasa anajiuliza aanzie wapi. Hauchukui nafasi ya daktari. Nimeuandika kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu dawa hizi huishia kwenye bei na picha za kabla na baada, yakasahau jambo ambalo mtumiaji atakutana nalo mara tatu kwa siku, yaani chakula chenyewe. Sindano hupunguza njaa, lakini haipiki, haipakui, wala haimjibu shangazi anayesisitiza uongeze.

Kwanza fahamu kwa nini kula kidogo ni kazi ngumu

Watu wengi waliowahi kujinyima chakula kisha wakarudia uzito wa zamani huona aibu, na majirani huikoleza aibu hiyo kwa kuwaita walafi. Ukweli ni kwamba mwili hupigania uzito ulioshauzoea. Mtu anapopungua, homoni ya leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Homoni ya ghrelini, ambayo hutoka tumboni na kuamsha njaa, hupanda. Na mwili wenyewe huanza kubana matumizi ya nishati. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mabadiliko hayo ya homoni yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupunguza uzito. Miongo mingi kabla ya hapo, mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa takriban miezi sita. Vijana hao, ambao hakuna aliyewahi kuwaita walafi, walifikia kuwaza chakula mchana kutwa, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani.

Dawa mpya huingilia hapo hapo. Kila tunapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huuambia ubongo kwamba tumeshiba, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Homoni hiyo ya asili huvunjika ndani ya dakika chache, lakini dawa iliyotengenezwa kuiga kazi yake inaweza kudumu mwilini kwa siku kadhaa. Wengi walioitumia husema kilichowashangaza ni ukimya: ile sauti iliyokuwa ikiwaita jikoni saa nne usiku haisikiki tena.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kuamua

Pima uzito kwenye mizani ya kituo cha afya au duka la dawa, kisha pima urefu ukiwa umevua viatu. Zidisha urefu wa mita kwa urefu huo huo, halafu gawanya kilo zako kwa jibu ulilopata. Mama mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 atapata 32. Kwa kawaida dawa hizi hufikiriwa kwa mtu mwenye 30 au zaidi, au mwenye 27 na kuendelea ambaye tayari ana maradhi yanayohusiana na uzito, kama presha, kisukari cha aina ya pili au lehemu nyingi kwenye damu. Kwa futi ya fundi cherehani pima pia kiuno, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye hatari zaidi. Kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume ni alama ya hatari iliyoongezeka sana. Bibi harusi mtarajiwa anayetaka kupunguza kilo nne ili gauni la sendofu limkae vizuri hahitaji dawa hii, na muuzaji anayempa anamkosea.

Baada ya hapo, kwa muda wa wiki moja, andika kwenye daftari kila kinachopita mdomoni, bila kubadili chochote na bila kujihukumu. Andika na chai. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vidogo vya sukari, ni karibu gramu 36 za sukari, kiasi ambacho hakitofautiani na soda moja ya chupa, na mtu huyo huyo ataapa kwamba hanywi soda.

Hatua ya 2: Nenda kwa daktari ukiwa na orodha

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Beba daftari lako na majina ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba ambazo wagonjwa wengi huzificha. Mweleze daktari kama umewahi kuugua kongosho au kuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, kama unatibiwa macho yaliyoathiriwa na kisukari, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya thairoidi, kwa kuwa aina moja ya saratani hiyo, inayoweza kurithiwa ndani ya familia, humzuia mtu kutumia dawa hizi kabisa.

Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenklamide na gliklazide, lazima dozi zake zipitiwe upya, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla. Mwanamke anayepanga kupata ujauzito anatakiwa kuacha semaglutide angalau miezi miwili kabla. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango pamoja na tirzepatide ajue kwamba vidonge hivyo vinaweza kupungua nguvu, hivyo atahitaji kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya kuanza dawa na kila dozi inapopandishwa.

Uliza pia gharama, na usiulize ya mwezi mmoja. Matibabu haya huchukua muda mrefu, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima, ukiweka na vipimo vya kufuatilia, na uulize mfuko wako wa bima kwa maandishi kabla ya kudhani kwamba utalipiwa. Nionavyo mimi, mwenye fedha ya miezi miwili tu ni heri asianze.

Hatua ya 3: Ijue dawa kwa jina lake

Majina yaliyo kwenye boksi huchanganya watu, kwa hiyo tazama jina la dawa lililoandikwa chini ya jina la biashara. Liraglutide huchomwa kila siku. Semaglutide huchomwa mara moja kwa wiki. Ndiyo iliyomo ndani ya Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari, na ndiyo iliyomo ndani ya Wegovy, iliyoidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Tirzepatide, inayouzwa kama Mounjaro, nayo ni ya kila wiki na huiga homoni mbili kwa pamoja. Katika jaribio kubwa la semaglutide lililodumu wiki 68, waliochomwa dawa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao, wakati waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Katika jaribio jingine, dozi ya juu ya tirzepatide ilifikisha takriban asilimia 21 katika wiki 72. Kwa yule mama wa kilo 82, asilimia 15 ni kama kilo 12. Huo ni wastani, na wapo waliopata chini ya hapo. Kisha, washiriki wote, wa dawa na wa sindano isiyo na dawa, walikuwa wakipewa ushauri wa chakula na mazoezi muda wote.

Orlistati ni kidonge cha zamani chenye njia tofauti kabisa: huzuia karibu theluthi moja ya mafuta ya kwenye chakula yasifyonzwe, na mafuta hayo hutoka na choo. Anayekula chipsi akiwa na orlistati mwilini atajuta kabla jua halijazama.

Ama chai za kupunguza tumbo, nyingi hutegemea sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kilo inazoondoa ni za maji na kinyesi, nazo hurudi. Baadhi ya bidhaa za kupunguza uzito zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, zimechanganywa kwa siri na sibutramine, dawa iliyoondolewa kwenye masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi.

Hatua ya 4: Nunua panapojulikana, hifadhi kwenye baridi

Usinunue sindano kutoka kwenye status ya mtu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokutwa Brazil, Uingereza na Marekani, na mwaka 2023 nchini Austria watu walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, baada ya kujichoma kalamu iliyoshukiwa kuwa na insulini ndani yake. Nunua kwa cheti cha daktari kwenye famasi iliyosajiliwa, dai risiti, kagua namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukishuku jambo lolote toa taarifa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Kwa Dodoma kuna tatizo la ziada, nalo ni joto la safarini. Watu huagiza dawa Dar es Salaam, ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kutumwa kama kifurushi kwa basi, ikakaa saa nyingi kwenye buti. Kalamu ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiwa lazima isafirishwe, iwe ndani ya kisanduku cha ubaridi, barafu ikiwa imezungushiwa kitambaa isiiguse dawa, kwa sababu dawa iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Ukishaanza kuitumia, kalamu nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji chini ya nyuzi 30 kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo, lakini chumba cha bati mwezi Oktoba na Novemba huvuka kiwango hicho mchana, hivyo iache kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandishia. Umeme ukikatika, usifungue friji hovyo.

Hatua ya 5: Anza na dozi ndogo, panda taratibu

Semaglutide ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki kwa wiki 4 za mwanzo, kisha hupandishwa hatua kwa hatua hadi 2.4. Dozi ya kwanza ni ya kulizoesha tumbo tu, kwa hiyo usishangae njaa ikiwa haijaondoka, na usijipandishie mwenyewe kwa pupa. Chagua siku moja ya wiki, uchome tumboni, pajani au sehemu ya juu ya mkono, ukibadilisha mahali kila mara. Sindano ya mbele hutumika mara moja na kutupwa ndani ya chombo kigumu cha plastiki ambacho hatimaye hupelekwa kituo cha afya. Kalamu haishirikiwi hata na dada yako wa tumbo moja, hata mkibadilisha sindano.

Kichefuchefu, kiungulia, kuharisha na kufunga choo ni mambo ya kawaida, hasa dozi inapopanda, na kwa wengi hupungua baada ya muda. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hasa yanayopenya hadi mgongoni, macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, au mkojo kuwa mchache na mweusi ni mambo ya kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Katika mji mkavu kama huu wenye upepo wa vumbi, anayetapika hupoteza maji haraka na figo huumia, kwa hiyo pakiti za maji chumvi zisikosekane nyumbani.

Hatua ya 6: Panga sahani

Hapa ndipo kazi ilipo. Dawa itakufanya utosheke na nusu ya ulichozoea, na sasa swali ni nusu hiyo ina nini ndani yake. Ukila nusu ya sahani iliyokuwa ugali mtupu na mchuzi, umepunguza nishati na pia umepunguza protini, na mwili utajazia upungufu huo kwa kula misuli yako. Kwa hiyo anza na protini: maharage, kunde, choroko, dagaa, mayai, kuku, samaki, au maziwa mgando yasiyotiwa sukari. Fuata mboga. Ugali uje mwisho, tonge kubwa moja lenye ukubwa wa ngumi yako mwenyewe, na uwe wa mtama, wa uwele au wa dona ukiweza, kwa kuwa una makapi yanayosaidia choo.

Mlenda unastahili neno la pekee. Ni mboga nzuri, hauhitaji mafuta mengi, na kwa mtu aliyefunga choo una msaada. Lakini kila aliyekulia Ugogoni anajua jinsi unavyoteleza: tonge huzama halijatafunwa, likafuatwa na jingine, na sahani imekwisha kabla tumbo halijatoa taarifa. Kwa mtu asiye na dawa hilo ni kula kupita kiasi. Kwa mwenye dawa, ambaye tumbo lake hupitisha chakula polepole, ni kutapika. Kata tonge dogo, litafune hata kama halidai kutafunwa, weka mkono chini kati ya tonge na tonge, na uache kula mara unapohisi shibe, hata kama kimebaki kidogo ambacho unaona vibaya kukiacha.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kina takriban kalori 120, na mboga ya familia hunywa vijiko vingi bila mtu kuona. Chipsi mayai, nyama choma yenye mafuta na supu nzito ya asubuhi ndivyo vitakavyokuletea kichefuchefu haraka kuliko vyote. Sukari ya chai ipunguze kijiko kimoja kimoja. Zabibu zile mbichi, kibakuli kidogo, na juisi yake uwaachie wageni; mvinyo nao una kalori zake, na tumbo lililopungua halivumilii glasi ulizozoea.

Wapo wanaoangukia upande wa pili. Njaa ikinyamaza kabisa, mtu hunywa chai asubuhi akasahau kula hadi jioni, akafurahia mizani, na baada ya miezi michache nywele zinapukutika na kizunguzungu hakimwishi. Kula kwa saa hata kama hutamani. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima amwone daktari mapema, hasa akiwa na kisukari.

Kwa watumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba na wengine wanaoishi kwa vikao, kuna chai ya saa nne: sambusa, mapaja ya kuku, ndizi za kukaanga, soda, na saa chache baadaye meza ndefu ya chakula cha mchana. Chakula cha kikao hakitoki mfukoni mwako, ndiyo maana hulika hata pasipo njaa. Chukua paja moja la kuku na maji, kaa mbali na meza, na mchana upite mara moja tu. Wiki ya semina ni wiki ya kujilinda, hasa kama dozi imetoka kupandishwa.

Hatua ya 7: Zungumza na anayepakua

Katika nyumba nyingi mlaji hapimi chakula chake, hupimiwa. Sahani ya baba hujazwa kwa heshima, na kuirudisha na chakula ni kama kumwambia mpishi amekosea. Kwa hiyo mazungumzo ya maana si yale ya mezani, ni yale ya jikoni kabla ya kupakua. “Mama Neema, kuanzia leo naomba unipunguzie ugali uniongezee maharage; mapishi yako sina neno nayo, ni daktari amenielekeza,” ni sentensi inayotosha, na isemwe mapema, faraghani, kwa upole. Dada wa kazi naye aambiwe, maana mara nyingi ndiye anayeshika mwiko.

Ugenini ni kugumu zaidi. Kukataa kabisa ni kumvunjia mwenyeji heshima, na kusema uko kwenye diet ni kufungua mjadala. Pokea sahani, onja kila kitu, sifia kwa dhati, na unapoambiwa uongeze, jibu, “Shangazi, nimeshiba kweli, nifungie kidogo nitakula nyumbani.” Kufungiwa chakula ni heshima kwa pande zote mbili. Kama watu wanakula sinia moja, omba kibakuli kando kwa kisingizio cha tumbo, ambacho kwa hakika hakitakuwa uongo.

Kisha kuna maneno ya watu. Kwetu kunenepa bado ni dalili ya maisha kukukubali, na anayekonda ghafla hunong’onwa kwamba ameugua, na kila mtu anajua ugonjwa gani unaofikiriwa. Amua mapema utamwambia nani ukweli wote. Mwenzi wako ajue, pamoja na mtu mmoja kazini anayeweza kukusaidia ukizidiwa; wengine wanatosheka na “naangalia afya, presha ilikuwa inanisumbua.”

Hatua ya 8: Linda misuli

Sehemu ya uzito unaoondoka ni misuli, na kutembea pekee hakutoshi kuilinda. Mara mbili au tatu kwa wiki nyanyua vitu vizito: dumu la maji la lita tano ni kilo tano, na Dodoma hakuna nyumba isiyokuwa nalo. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote. Tembea asubuhi kabla ya jua kali.

Hatua ya 9: Panga mwisho kabla ya kuanza

Washiriki wa jaribio la semaglutide waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa walirudisha kwa wastani theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hilo halishangazi ukikumbuka homoni zilizoelezwa mwanzoni: dawa ilikuwa ikiizidi nguvu njaa zinayoileta, ikaondoka, njaa ikarudi. Kwa hiyo mwulize daktari katika ziara ya kwanza ni matokeo gani yatawafanya mwendelee, na ni matokeo gani yatawafanya muache. Ikiwa fedha itaisha au ujauzito unapangwa, mjulishe mapema ili mpange pamoja namna ya kuacha.

Baada ya kuacha, jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na uandike. Njaa itarudi ndani ya wiki chache. Endelea na sahani ile ile, ngumi ile ile ya ugali na dumu lile lile. Uzito ukipanda kilo tatu juu ya pale ulipoachia, rudi kliniki na daftari lako bila kusubiri zifike kumi.